Faili Bila Intaneti: Uundaji wa Zana ya Kuhamisha Faili baina ya Vifaa Tofauti katika Mazingira ya Juba, Sudan Kusini

Ikisiri

Katika miji yenye intaneti ghali au isiyotabirika, faili nyingi husafiri kutoka kifaa kimoja hadi kingine bila kupita mtandaoni: kwa kadi ya kumbukumbu, kwa flashi, kwa Bluetooth au kwa programu za kurushiana faili. Makala haya yanaeleza namna zana ya kuhamisha faili baina ya vifaa vya aina tofauti inavyoundwa, kwa kuyatazama mazingira ya Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Yanachambua maswali matano ambayo kila muundaji hulazimika kuyajibu: vifaa vitaonanaje, vitaaminianaje, faili itafikaje ikiwa nzima, jina lake litahifadhiwaje, na itavukaje masafa yasiyo na mtandao wowote. Hoja kuu ni kwamba majibu ya maswali hayo huonekana kuwa ya kiufundi, lakini ndiyo yanayoamua nani anamiliki data, nani anaweza kuisoma na huduma gani itaendelea siku intaneti inapokatika. Makala yanamalizia kwa mapendekezo kwa watunga sera wa Sudan Kusini na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno ya msingi: uhamishaji wa faili, mtandao wa karibu, usimbaji, lugha za Sudan Kusini, sera ya data

1.0 Utangulizi

Mjadala wa maendeleo ya kidijitali Afrika Mashariki umezoea kupima mafanikio kwa urefu wa mkongo, idadi ya minara na bei ya kifurushi. Vipimo hivyo vina maana, lakini huacha nje jambo moja la kila siku. Watu wawili waliokaa meza moja, mmoja akiwa na simu ya Android na mwingine akiwa na kompyuta mpakato, mara nyingi hawana njia rahisi na salama ya kupeana faili. Hutokea faili ikatumwa hadi seva iliyo bara jingine, kisha ikarudi mezani palepale, huku pande zote mbili zikilipia safari hiyo.

Kwa mtumiaji wa Nairobi au Dar es Salaam, huo ni usumbufu mdogo. Kwa mhudumu wa afya, mwalimu au afisa takwimu wa Sudan Kusini, safari hiyo inaweza isiwezekane kabisa. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Miundombinu yake ya mawasiliano imejengwa katikati ya vita, mafuriko na uhamaji mkubwa wa watu. Katika hali hiyo, kuwaza mfumo unaofanya kazi pale tu intaneti inapopatikana ni sawa na kujenga daraja la kupitika wakati wa kiangazi peke yake.

Makala haya yanatumia istilahi “zana ya kuhamisha faili” kwa maana ya programu inayowezesha kifaa kimoja kukipa kifaa kingine faili moja kwa moja, vikiwa karibu, bila kutegemea kampuni ya tatu na bila kulazimu vifaa hivyo kuwa vya mtengenezaji mmoja. Lengo ni kuwapa watafiti na washauri wa sera uelewa wa kutosha wa utendaji wa ndani wa zana hiyo, ili waweze kuuliza maswali sahihi kabla ya kuinunua, kuifadhili au kuipiga marufuku.

2.0 Mazingira ya Juba

Sudan Kusini haina bahari. Intaneti yake ya kasi hutegemea mikongo inayofika pwani ya Afrika Mashariki na kisha kuvuka nchi jirani. Mwaka 2020 kampuni ya Liquid Telecom ilifikisha Juba mkongo wa takriban kilomita 200 kutoka mpaka wa Uganda. Kabla ya hapo setilaiti na mawasiliano ya minara ndiyo yaliyobeba mzigo. Upande wa umeme, mtambo wa megawati 33 ulizinduliwa Juba mwaka 2019, lakini sehemu kubwa ya nchi nje ya mji huo bado inaishi kwa jenereta na nishati ya jua. Soko la simu nalo limeyumba: leseni ya Vivacell ilisimamishwa mwaka 2018, na mtoa huduma mpya, Digitel, akaingia mwaka 2021 kuungana na MTN na Zain.

Ukatikaji wa mawasiliano hausababishwi na hitilafu za kiufundi peke yake. Mnamo tarehe 22 Januari 2025, Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iliziagiza kampuni za intaneti kufunga mitandao ya kijamii kwa muda uliotajwa kuwa hadi siku 90. Agizo hilo lilifuata kusambaa kwa video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini katika jimbo la Gezira nchini Sudan, na vurugu zilizozuka Juba baada yake. Kizuizi kiliondolewa tarehe 27 Januari. Katika siku hizo chache, ofisi au kikundi chochote kilichokuwa kikitumia mitandao hiyo kama njia ya kupeleka ripoti, picha au nyaraka kililazimika kutafuta njia nyingine.

Mfano mzuri wa fikra tofauti umewahi kutekelezwa nchini humo katika sekta ya afya. Shirika la Afya Duniani liliunda mfumo wa tahadhari ya mapema ya magonjwa unaojulikana kama EWARS, ambao hufungashwa katika sanduku moja na kupelekwa penye dharura. Kwa maelezo ya shirika hilo, sanduku moja lina simu 60, kompyuta mpakato na seva ya hapohapo, pamoja na chaja za nishati ya jua. Gharama yake ni takriban dola 15,000 za Marekani, na linaweza kuhudumia kliniki 50 zinazotegemewa na watu wapatao 500,000. Sudan Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutumia. Fundisho lake kwa mjadala huu ni la mpangilio: simu hukusanya taarifa hata pasipo mtandao, huzihifadhi, kisha huzikabidhi mawasiliano yanapopatikana. Mfumo umeundwa kwa kudhani kwamba mtandao utakosekana.

Katika sekta ya elimu, programu huria ya Kolibri, iliyotolewa na shirika la Learning Equality, hufuata mantiki hiyohiyo. Maktaba ya masomo huwekwa katika kompyuta moja, wanafunzi huisoma kupitia mtandao wa Wi-Fi wa darasani, na kumbukumbu za maendeleo yao huweza kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila intaneti. Kwa hiyo, hitaji la kuhamisha faili baina ya vifaa haliishii kwa kijana anayetaka wimbo wa rafiki yake. Limo pia katika afya ya umma na katika elimu.

3.0 Chimbuko la Mgawanyiko wa Vifaa

Kuhamisha faili ni miongoni mwa matatizo ya kwanza kabisa ya mitandao ya kompyuta. Mwezi Aprili 1971, Abhay Bhushan, akiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alichapisha pendekezo la itifaki ya kuhamisha faili ambayo baadaye ilijulikana kwa kifupi cha FTP. Itifaki ni makubaliano ya wazi kuhusu nani anasema nini, kwa mpangilio gani, na nini kifanyike pale jambo linapoharibika. Kwa kuwa makubaliano hayo yalikuwa wazi, mtu yeyote aliweza kuunda programu inayoyafuata, na mashine za watengenezaji mbalimbali zikaelewana.

Simu za mkononi zilichukua njia nyingine. Bluetooth, iliyopata umoja wa kuisimamia mwaka 1998, ilikuwa kiwango cha pamoja lakini cha polepole. Wi-Fi Direct, iliyotangazwa mwaka 2009, iliongeza kasi, ila haikukubaliwa na watengenezaji wote. Kampuni ya Apple ilileta AirDrop mwaka 2011 kwa vifaa vyake yenyewe. Google ilileta Nearby Share mwaka 2020, na mwaka 2024 ikaiunganisha na huduma ya Samsung kwa jina la Quick Share. Kwa miaka mingi familia hizi mbili hazikusikilizana.

Pengo hilo likajazwa na programu za watu wengine kama SHAREit, Xender na Zapya, ambazo zilienea Afrika na Asia kwa sababu zilifanya kazi katika simu za bei nafuu. Kuenea huko kulikuwa na gharama. Mwezi Februari 2021, kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza udhaifu katika SHAREit ya Android ambao ungeweza kutumiwa kuiba data au kuendesha programu hasidi katika simu ya mtumiaji. Programu hiyo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja. Miezi kadhaa kabla yake, mwishoni mwa Juni 2020, serikali ya India ilikuwa imeipiga marufuku pamoja na programu nyingine 58 za Kichina kwa hoja za usalama wa taifa.

Tofauti ya kasi inaeleza kwa nini watu waliihama Bluetooth. Tuseme faili ya video ya mafunzo ina ukubwa wa megabaiti 700, yaani megabiti 5,600. Kwa Bluetooth inayopitisha takriban megabiti 2 kwa sekunde, uhamishaji utachukua kama dakika 47. Kwa Wi-Fi ya karibu inayopitisha megabiti 40 kwa sekunde, kazi hiyohiyo itachukua dakika 2 na sekunde 20. Pale ambapo betri ya simu huchajiwa kwa malipo, tofauti hiyo ni ya muda na ya fedha pia.

4.0 Maswali Matano ya Uundaji

4.1 Vifaa vitaonanaje?

Vifaa viwili haviwezi kupeana faili kabla ya kila kimoja kujua anwani ya mwenzake. Katika mtandao mmoja wa Wi-Fi, njia ya kawaida ni tangazo: kifaa hutuma ujumbe mfupi kwa wote waliomo, kikitaja jina lake na mlango wa kukipata. Programu huria ya LocalSend, kwa mfano, hutangaza kupitia anwani ya pamoja 224.0.0.167 na mlango 53317, kisha uhamishaji wenyewe hufanyika kwa itifaki ya wavuti ya kawaida. Kwa kuwa itifaki yake imechapishwa, programu hiyo hufanya kazi katika Android, iOS, Windows, macOS na Linux.

Hata hivyo, tangazo halifiki kila mahali. Ruta nyingi za hoteli, migahawa na ofisi huzuia vifaa vya wateja kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Isitoshe, sehemu nyingi hazina ruta kabisa. Suluhisho la Juba lazima liwe na ngazi mbili za ziada. Ya kwanza ni simu ya mtumaji kufungua mtandao wake yenyewe wa Wi-Fi; Android inaruhusu programu kufanya hivyo tangu toleo la 8 la mwaka 2017, bila kugawa intaneti na hivyo bila kula salio. Ya pili ni msimbo wa QR unaoonyeshwa kwenye kioo cha mtumaji, ukiwa na jina la mtandao, nywila na anwani. Mpokeaji huupiga picha, na vifaa vinaonana bila tangazo lolote.

Jambo la tatu ni kumhudumia mpokeaji asiye na programu. Kumwambia aipakue kwanza kutoka intaneti ni kurudisha tatizo lilelile lililokusudiwa kutatuliwa. Kwa sababu hiyo, kifaa cha mtumaji kinapaswa kuweza kuwa seva ndogo ya wavuti, ili mpokeaji afungue ukurasa katika kivinjari chake na kupakua faili. Njia hii ina mipaka, kwani vivinjari vya kisasa huzuia baadhi ya uwezo kwa kurasa zisizo na cheti cha usalama kinachotambulika, na cheti hicho hutegemea jina la wavuti lililosajiliwa. Kwa hiyo njia ya kivinjari inafaa kwa faili za umma, kama vitabu vya shule na matangazo ya afya. Haifai kwa rekodi za wagonjwa.

4.2 Vifaa vitaaminianaje?

Kuonana hakutoshi. Katika soko lenye watu wengi, kama Konyo Konyo, simu kadhaa zinaweza kujitangaza kwa jina moja. Anayetuma orodha ya wagonjwa anahitaji uhakika kwamba anayeipokea ni mwenzake aliyesimama mbele yake, na kwamba aliye pembeni hawezi kuisoma njiani.

Usimbaji ni sehemu rahisi ya jibu. Sehemu ngumu ni utambulisho. Mifumo ya biashara hupenda kutumia namba ya simu au akaunti. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt nchini Ujerumani walionyesha kwamba namna AirDrop ilivyobadilishana alama za namba za simu iliruhusu mtu aliye karibu kuzifumbua namba hizo. Katika nchi yenye historia ya mgogoro wa silaha, kufichua namba ya mtu kwa kila aliye ndani ya chumba ni hatari isiyostahili kuchukuliwa.

Njia bora haihitaji akaunti wala namba. Zana ya Magic Wormhole, iliyoundwa na Brian Warner na kuwasilishwa mwaka 2016, ilionyesha kwamba vifaa viwili vinaweza kujenga ufunguo imara wa usimbaji kutokana na msimbo mfupi unaotamkwa kwa mdomo. Maneno mawili kutoka orodha ya maneno 256 hutoa uwezekano 65,536. Idadi hiyo ni ndogo kwa nywila ya kawaida, lakini hisabati ya itifaki humlazimu mshambuliaji kubahatisha mara moja kwa kila jaribio la moja kwa moja. Akikosea, muunganisho hukatika na mtumaji hujua. Magic Wormhole yenyewe hutegemea seva ya intaneti ili kuwakutanisha wahusika, ila hesabu ya msimbo haihitaji seva hiyo, na inaweza kutumika ndani ya mtandao wa karibu.

Hapa lugha inaingia katika usalama. Orodha ya maneno ya Kiingereza haimsaidii mtu anayezungumza Kiarabu cha Juba au Kiswahili, kwani msimbo hufanya kazi pale tu unapotamkika na kusikika bila kuchanganywa. Orodha ya maneno 256 ya Kiswahili, mafupi na yasiyofanana kwa sauti, ni kazi ndogo ya kiisimu ambayo taasisi za lugha za Afrika Mashariki zinaweza kuifanya. Kwa wasiojua kusoma, tarakimu sita hutosha na huzidi: zina uwezekano milioni moja.

4.3 Faili itafikaje nzima?

Betri huisha, mtu huondoka, ruta huzimika. Zana inayoanza upya kila muunganisho unapokatika haifai. Utaratibu unaofaa ni kuigawa faili katika vipande, tuseme vya megabaiti moja kila kimoja, na mpokeaji kuhifadhi daftari la vipande alivyokwisha kupokea. Video ya megabaiti 700 ikikatika katika kipande cha 650, ni vipande 50 tu vitakavyohitajika baadaye, hata kama ni siku inayofuata.

Baada ya vipande vyote kufika, sharti ithibitishwe kwamba faili iliyopokewa ndiyo iliyotumwa. Hilo hufanywa kwa alama ya uhakiki, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na kila baiti ya faili. Kwa kanuni ya SHA-256 alama hiyo ina herufi na tarakimu 64, na badiliko la biti moja tu huibadilisha kabisa. Kwa wimbo, kasoro ndogo husikika kama mkwaruzo. Kwa jedwali la dozi za chanjo, kasoro hiyohiyo inaweza kugeuza 10 kuwa 18 bila mtu yeyote kutambua.

Kuna pia mipaka ya hifadhi. Kadi nyingi za kumbukumbu na flashi hutumia mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayofikia gigabaiti 4. Zana nzuri huikagua hifadhi ya mpokeaji kabla ya kuanza, na kumweleza mtumiaji kwa lugha nyepesi.

4.4 Jina la faili na lugha za Sudan Kusini

Suala hili halitajwi sana katika miongozo ya uundaji wa zana hizi, na Juba inalifichua waziwazi. Mwaka 1928, mkutano wa lugha uliofanyika Rejaf, jirani na Juba, ulipanga kuandika lugha za eneo hilo kwa hati ya Kilatini iliyoongezewa herufi maalumu. Mwanaisimu Diederich Westermann alikuwa mshauri wake. Urithi wa uamuzi huo ni herufi kama ɛ, ɔ na ŋ, ambazo hadi leo huandikwa katika Kidinka, Kinuer na lugha nyingine. Kidinka pia huweka nukta mbili juu ya irabu kuonyesha irabu ya mhemo, na tofauti hiyo hubadili maana ya neno.

Katika kompyuta, irabu yenye nukta mbili inaweza kuandikwa kwa namna mbili: kama herufi moja kamili, au kama irabu ikifuatiwa na alama ya nukta mbili. Chukua jina la Kidinka katika lugha yenyewe, Thuɔŋjäŋ. Kwa namna ya kwanza, jina hilo huchukua baiti 12; kwa namna ya pili huchukua baiti 13. Machoni ni neno lilelile. Kwa programu isiyolinganisha namna hizo mbili, ni faili mbili tofauti. Mfumo wa zamani wa hifadhi wa kompyuta za Apple ulipendelea namna ya pili, ilhali Windows na Android huhifadhi jina kama lilivyoandikwa. Matokeo yake ni folda yenye nakala mbili za ripoti moja, na mtumiaji asijue ipi ni mpya.

Ugumu unaongezeka kwa ɛ̈ na ɔ̈, kwani Unicode haikutenga herufi moja kamili kwa hizo. Zinaandikwa kwa namna ya pili peke yake. Programu inayofuta “alama za ziada” ili kurahisisha majina huziharibu kabisa. Suluhisho linajulikana: kuyaweka majina yote katika umbo moja la kawaida wakati wa kulinganisha, na kulihifadhi jina asilia kama lilivyo. Haligharimu fedha nyingi. Linahitaji mtu wa kulikumbuka, na huyo hupatikana pale waundaji wanapowashirikisha wazungumzaji wa lugha hizo tangu mwanzo.

4.5 Masafa marefu

Malakal au Yambio haiko ndani ya Wi-Fi ya Juba. Hata hivyo watu husafiri, kwa ndege, kwa barabara na kwa mashua katika Mto Nile, wakiwa na simu mifukoni. Fani ya mitandao inayostahimili ucheleweshaji imelishughulikia suala hili kwa miaka mingi. Usanifu wake ulichapishwa rasmi mwaka 2007, na toleo jipya la itifaki yake likafuata mwaka 2022. Wazo ni kwamba kifaa hupokea mzigo uliofungwa, huubeba kwa saa au siku, kisha huukabidhi kwa kifaa kinachofuata. Mbebaji hahitaji kujua kilichomo. Mradi wa DakNet nchini India ulitumia mabasi kwa namna hiyo miaka zaidi ya 20 iliyopita.

Kwa zana ya Juba, matakwa ni matatu: mzigo usimbwe kwa ufunguo wa mpokeaji wa mwisho, uwe na tarehe ya kuisha muda wake, na mpokeaji aweze kurudisha stakabadhi ya mapokezi kwa njia ileile. Bila stakabadhi, ofisi ya Juba haitajua kama ripoti imepotea au imechelewa, na tofauti hiyo ni kubwa wakati wa mlipuko wa kipindupindu.

5.0 Upande wa Pili wa Zana

Zana inayopitisha ripoti ya afya bila seva hupitisha pia video ya uchochezi bila seva. Matukio ya Januari 2025 yanaonyesha kwamba hofu hiyo si ya kinadharia, na mshauri wa sera hawezi kuipuuza. Hoja mbili zinastahili kuzingatiwa.

Kwanza, kadi ya kumbukumbu na Bluetooth zipo tayari. Kuizuia zana salama hakuondoi usambazaji wa mkono kwa mkono. Kunawaacha wenye nia njema na zana mbovu. Pili, muundo wenyewe unaweza kupunguza madhara bila mtu kusoma faili za watu. Mwaka 2022 Apple iliweka kikomo cha dakika 10 kwa AirDrop inayopokea kutoka kwa kila mtu, kwanza nchini China na baadaye kwingineko. Mabadiliko hayo yalipunguza usumbufu wa kutumiwa picha na wageni, lakini yalikosolewa pia kwa kuwa waandamanaji walikuwa wakiitumia njia hiyo kueneza ujumbe. Mfano huo unafunza kwamba mpangilio wa kawaida wa programu ni sera, hata kama haukupitishwa na bunge lolote. Kwa Juba, mpangilio unaofaa ni kutopokea chochote bila idhini ya wazi ya mpokeaji, na kutoonyesha picha ya faili kabla ya idhini hiyo.

6.0 Mapendekezo

Kwa wizara na mashirika yanayonunua mifumo: mkataba wowote wa mfumo wa afya, elimu au takwimu uwe na kifungu kinachodai uwezo wa kuhamisha data baina ya vifaa bila intaneti, kwa itifaki iliyochapishwa. Jaribio la mapokezi lifanyike huku intaneti ikiwa imezimwa.

Kwa vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Juba: badala ya kuanzisha programu mpya kabisa, wanafunzi waelekezwe kuchangia zana huria zilizopo. Kazi za tafsiri, majaribio katika simu za bei nafuu na marekebisho ya majina ya faili katika lugha za Sudan Kusini zina thamani ya kitaaluma na zinaweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja wa masomo. Vikundi vya Juba kama GoGirls ICT Initiative vina uzoefu wa kufundisha teknolojia huria, na ushirikiano nao ungeharakisha kazi hiyo.

Kwa taasisi za Kiswahili za Jumuiya: itayarishwe orodha ya maneno ya misimbo pamoja na istilahi sanifu za kiolesura. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya, na mtumiaji anapaswa kuelewa tahadhari ya usalama kabla ya kubonyeza “kubali”.

Kwa watunga sheria: Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa Malabo ulianza kutumika Juni 2023. Sheria hizi huangalia zaidi data iliyo katika seva. Data inayosafiri mfukoni nayo inahitaji kanuni: nani anaruhusiwa kuibeba, kwa muda gani, na ifutwe lini.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kuhamisha faili baina ya vifaa tofauti ni tatizo lenye ufumbuzi wa kiufundi unaojulikana: tangazo na msimbo wa QR kwa kuonana, msimbo mfupi kwa kuaminiana, vipande na alama ya uhakiki kwa ukamilifu, umbo moja la Unicode kwa majina, na mzigo uliosimbwa kwa masafa marefu. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuvichukulia vipengele hivyo kama miundombinu ya umma. Mkongo uliofika Juba mwaka 2020 ni hatua kubwa, na mingine itafuata. Lakini hata siku mikongo itakapokuwa mingi, ripoti ya kliniki iliyo ng’ambo ya mto haipaswi kusubiri ruhusa ya seva ya mbali ili ivuke meza moja.